Ndugu ni Nani Mbele ya Lango la Shule?

Neno "nafasi" lina maana mbili katika Kiswahili, nazo haziachani. Ni mahali patupu panapoweza kukaliwa, na pia ni fursa ya kutenda au kupata jambo. Mzazi wa Garissa anapofika shuleni na kuuliza kama kuna nafasi, huwa anauliza maswali mawili kwa mkupuo mmoja: kama kuna kitanda na dawati, na kama mwanawe atapata njia ya maisha. Jibu analopewa aghalabu hujibu swali la kwanza peke yake. Na mzazi mwenye watoto watatu au wanne waliofuatana ana swali la tatu asilopata pa kuliuliza: je, watoto hawa watapata nafasi pamoja, au watatawanywa kama mbegu zilizochukuliwa na upepo?

Swali hilo ndilo ninalotaka tulijadili, hususan walimu na wanafunzi wa Garissa, Wajir na Mandera, kwani wao hulikabili kila Januari ilhali kanuni za Wizara hazilitaji.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kaunti ya Garissa peke yake ina eneo linalozidi kilomita 44,000 za mraba. Ukiongeza Wajir na Mandera, ambazo pamoja na Garissa ziliunda Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya ugatuzi wa mwaka 2013, unapata nchi pana ambayo shule zake za sekondari zimekusanyika mijini na kando ya barabara kuu. Mtoto wa Hulugho, wa Liboi au wa Balambala anayeendelea na masomo aghalabu huenda kulala bwenini. Basi iwapo kaka amepelekwa Wajir na dada akapelekwa mji wa Garissa, mzazi ana nauli mbili, wenyeji wawili wa kuwaangalia watoto wikendi, na barabara mbili za kuhofia. Barabara hizo si za kupuuzwa. Mafuriko ya Novemba 2023 yalikata njia ya Nairobi kwenda Garissa kwa majuma kadhaa, na mwezi Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha abiria waliokwama katika maji hayo hayo ya Tana ilizama, watu wakafa. Mwaka huo ufunguzi wa shule nchini kote uliahirishwa hadi tarehe 13 Mei. Mzazi mwenye watoto wawili katika shule mbili zilizo mbali hulala macho mara mbili.

Hata hivyo, kugawanywa kwa ndugu hakuanzii katika kompyuta ya Wizara, bali nyumbani. Wafugaji wa kuhamahama kwa miaka mingi wamewagawa watoto wao: mmoja abaki na ngamia, mwingine achunge mbuzi karibu na boma, mwingine aende dugsi akahifadhi Qurani, na mmoja apelekwe shule ya serikali. Wageni wengi wameuita mgawo huo ujinga. Mimi nauita bima. Nchi ambayo mvua inaweza kukosekana misimu mitano mfululizo, kama ilivyotokea kati ya mwaka 2020 na mapema mwaka 2023, ukame ukaua zaidi ya mifugo milioni mbili nchini Kenya, haimruhusu mtu mwenye busara kuweka watoto wote katika kapu moja. Akifa ngamia, yupo mwenye barua za shule. Cheti kisipoleta kazi, yupo mwenye mifugo.

Serikali nayo ilijaribu kulegeza mgawo huo. Mwaka 1971 iliondoa karo ya shule za msingi katika wilaya kame. Baadaye zikajengwa shule za bweni za gharama nafuu ili watoto wabaki masomoni wazazi wanapohama, kisha zikaja shule tamba zinazofuata mifugo. Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo kote nchini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaweka baraza maalumu la elimu ya wahamaji. Hatua hizo zote ni njema. Lakini tazama jinsi zilivyopangwa: zote humhesabu mtoto mmoja mmoja. Kitanda cha bwenini ni cha mtoto mmoja, na fomu ni ya mtoto mmoja. Hakuna mahali ambapo nyumba nzima inaonekana kama nyumba.

Ndivyo ilivyo pia katika kuingia sekondari. Wakati wa mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alichagua shule, alama zake zikapimwa na mgawo wa wilaya ukazingatiwa. Tangu mwaka 2018 serikali ikashikilia kwamba kila aliyefanya mtihani huo sharti aingie kidato cha kwanza. Kisha mwaka 2025 watoto wa mtaala wa umilisi wakafanya kwa mara ya kwanza mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, na Januari 2026 wakaanza kuingia sekondari ya juu, wakipangiwa shule kwa mashine kwa kufuata matokeo yao, mikondo na shule walizochagua, na idadi ya nafasi zilizopo. Mashine hiyo hujua mengi juu ya mtoto. Haijui kwamba dada yake yumo katika shule iliyo mtaa wa pili.

Matokeo yake ni safari ambayo kila mwalimu wa eneo hili ameiona. Mzazi hupewa shule asiyoitaka au asiyoiweza, naye hushika karatasi ya matokeo na kuanza kuzunguka kutoka lango hadi lango akitafuta nafasi. Huambiwa asubiri, labda kuna ambao hawataripoti. Jina lake huandikwa mahali fulani. Ni la ngapi? Hajui. Linapandishwa au kushushwa na nani? Hajui. Baada ya juma moja husikia kwamba nafasi zimejaa, na kwamba jirani yake, aliyekuja baada yake, amepata. Huenda jirani huyo alistahili, na huenda mwalimu mkuu alitenda haki tupu. Lakini haki iliyotendwa gizani haina shahidi, na mzazi aliyekosa hurudi nyumbani akiwa ameamini kwamba elimu ni mali ya wenye kujuana.

Hebu sasa tuvuke bahari kidogo, wala si kwenda mbali na Garissa kama mtu anavyoweza kudhani. Jimbo la Minnesota nchini Marekani ndilo lililotunga, mwaka 1991, sheria ya kwanza ya shule zinazoendeshwa kwa mkataba: shule za fedha za umma, zisizotoza karo, lakini zenye uhuru wa kujiendesha. Jimbo hilo hilo ndilo makao ya jamii kubwa kuliko zote ya Wasomali nchini humo, na miongoni mwao wamo wengi waliopitia kambi za Dadaab, hapa Garissa, tangu zilipofunguliwa mwaka 1991. Watoto wa shangazi na wa binamu za wanafunzi wetu wako huko. Shule ya mkataba inapopata waombaji wengi kuliko nafasi, sheria ya Minnesota huamuru kwamba wapokewe kwa kura. Lakini kabla ya kura, kuna kundi linalotangulia: ndugu wa mwanafunzi ambaye tayari yumo shuleni, pamoja na mtoto wa kulelewa katika nyumba ya wazazi wa mwanafunzi huyo. Waliokosa katika kura huwekwa katika orodha ya kungojea, na katika shule nyingi mtoto mmoja akipokewa, nduguye aliye katika orodha husogezwa mbele.

Sisemi kwamba Wamarekani wamepata dawa. Mwaka 2010 filamu moja iliyozungumzwa sana huko ilionyesha wazazi wamekaa ukumbini, mipira yenye nambari ikitolewa mmoja mmoja, na watoto wakilia kwa sababu mpira wao haukutoka. Nchi tajiri kuliko zote kuamua masomo ya mtoto kwa mpira unaobingirika ni fedheha, si fahari. Jambo la kujifunza si kura yenyewe. La kujifunza ni mambo mawili yaliyoizunguka: foleni inajulikana, na undugu una uzito katika sheria.

Kura si jambo geni kwetu. Neno lenyewe, kabla ya kuhusishwa na uchaguzi wa wabunge, lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kile kinachotupwa ili kuamua jambo, nao wasomaji wanakijua kisa cha Nabii Yunus na kura iliyopigwa jahazini. Wasomali nao husema "qori tuur", yaani kutupa kijiti. Na "nasibu" ya Kiswahili ni "nasiib" ya Kisomali, neno moja katika vinywa viwili. Jamii zetu zote zilijua kwamba pale ambapo haki za watu zimelingana na kitu hakitoshi, ni afadhali kijiti kitupwe mbele ya wote kuliko mkubwa mmoja kuamua peke yake. Kijiti hakina ukoo.

Tatizo gumu zaidi ni hilo la pili, la undugu, na hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Tukiandika katika kanuni kwamba ndugu wafikiriwe kwanza, lazima tuulize: ndugu ni nani? Katika Kiswahili, ndugu anaweza kuwa wa tumbo moja, wa baba mmoja, mtoto wa ami, mwenzako wa kijiji, na hata raia mwenzako jukwaani. Kisomali kina "walaal", ambalo nalo hutanuka kutoka mtoto wa mama yako hadi rafiki wa njiani. Lakini kina pia maneno makali ya kupambanua: "ina-adeer" ni mtoto wa ami, na "bah" ni watoto wa mama mmoja wanapotengwa na watoto wa wake wengine wa baba yule yule. Mama mdogo wa Kiswahili ni "habaryar" wa Kisomali, nalo ukilifasiri kipande kwa kipande unapata mama mdogo kabisa. Mtoto aliyelelewa na habaryar wake mjini ili asome, na binti wa habaryar huyo, ni ndugu au si ndugu? Katika nyumba yao, ni ndugu. Katika fomu ya kigeni yenye kisanduku kimoja, si chochote.

Tusidhani kwamba majina yatatuokoa. Wasomali hawana jina la ukoo la mtindo wa Kizungu. Mtu hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake. Hivyo watoto wa baba mmoja huafikiana katika jina la pili na la tatu, nao watoto wa mama mmoja na baba tofauti hawaafikiani katika lolote. Juu ya hayo kuna tahajia. Hati rasmi ya Kisomali iliyoanza kutumiwa Somalia mwaka 1972 huandika Maxamed na Cabdi, ilhali madaftari ya shule za Kenya huandika Mohamed, Mohammed, Muhamed, Abdi na Abdy, kulingana na sikio la mwalimu aliyekuwa zamu siku ile. Kaka akasajiliwa na mwalimu mmoja mwaka huu, dada na mwingine miaka miwili baadaye, na mbele ya kompyuta wakawa watu wasiohusiana. Ongeza kwamba vyeti vya kuzaliwa ni adimu kwa watoto waliozaliwa malishoni, katika eneo ambalo wakazi wake walipitishwa katika uchunguzi wa ziada ili kupata vitambulisho hadi utaratibu huo ulipofutwa mwezi Februari 2025. Herufi moja iliyokosewa inaweza kuvunja undugu ambao jamaa yote inaujua.

Kwa nini, hata hivyo, tujishughulishe na kuwaweka ndugu pamoja? Sababu ya gharama nimekwisha kuitaja. Ipo ya usalama: wazazi wengi humruhusu binti kwenda bweni la mbali pale tu kaka au dada yupo karibu. Na ipo sababu ya lugha, ambayo aghalabu husahauliwa. Mtoto wa malishoni huingia darasani akiwa na Kisomali, au, kama ni Mmunyoyaya wa kando ya Tana, na lahaja ya Kioromo, au, kama ni wa Ijara, huenda na Kiaweer. Shule humdai Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Mkubwa aliyetangulia ndiye mwalimu wake wa kwanza wa lugha hizo. Humweleza neno la mwalimu, humwonyesha jinsi ya kuomba ruhusa, humsomea kitabu usiku. Katika eneo lililopoteza walimu wengi, hasa baada ya mauaji ya walimu watatu huko Kamuthe Januari 2020 na uhamisho uliofuata wa wengi waliotoka kaunti nyingine, mkubwa huyo si pambo. Kwa mwaka mzima anaweza kuwa ndiye mfafanuzi wa pekee aliye karibu na mtoto.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi, nalo ni zito. Ukisema ndugu atangulie, unampa aliyenacho. Nyumba iliyokwisha kuingiza mtoto mmoja itaingiza wa pili na wa tatu, na nyumba ambayo haijaingiza hata mmoja itazidi kusukumwa nyuma ya foleni. Huko Marekani mlalamiko huo umesikika, kwani mahali ambapo ndugu huchukua nafasi nyingi, mgeni hubakiwa na chache za kupigiwa kura. Katika Kaskazini Mashariki hatari hiyo ni kubwa zaidi. Nyumba isiyo na mtoto hata mmoja shuleni aghalabu ndiyo iliyo mbali zaidi na barabara, yenye mifugo michache zaidi, na isiyomjua mtu ofisini. Kanuni ya undugu ikiwekwa bila kipimo, itakuwa ukuta mpya kwa watu wale wale waliozungukwa na kuta.

Jawabu langu ni kwamba tusichague moja kati ya hayo mawili, bali tuyapange kwa zamu. Katika shule za bweni za msingi, nafasi ya kwanza ipewe nyumba ambayo haina mtoto yeyote shuleni. Ya pili ipewe ndugu wa mwanafunzi aliyemo, na kati ya ndugu hao msichana aliyeachwa nyumbani ili kaka yake asome atangulie. Zinazobaki zipigiwe kura mbele ya baraza, chifu, wazazi na walimu wakishuhudia. Katika sekondari, ambako wavulana na wasichana husoma mbali mbali, "pamoja" maana yake iwe mji mmoja: kama kaka yumo Garissa High, dada mwenye alama zinazofaa afikiriwe kwa NEP Girls au shule nyingine ya mji huo kabla ya kutupwa kilomita mia tatu. Shule na zitenge sehemu ndogo yenye mpaka, tuseme nafasi moja katika kila kumi, kwa ajili ya ndugu, ili mlango wa wageni usizibwe. Na ndugu afafanuliwe kuwa mtoto anayelelewa katika nyumba ile ile, kwa ushahidi wa mzee wa kijiji au wa mwalimu, wala si kwa tahajia ya jina.

Orodha ya kungojea ibandikwe langoni. Hili halihitaji bajeti wala sheria mpya. Karatasi moja, majina yenye nambari, tarehe, na sahihi ya mwalimu mkuu. Jina linapopanda, sababu iandikwe kando yake.

Nyinyi walimu mnaweza kuanza kabla Wizara haijazinduka. Mnapomsajili mtoto, tazameni jinsi jina la nduguye lilivyoandikwa na mlifuate, herufi kwa herufi. Mnapowasaidia wanafunzi kuchagua shule, waulizeni nani mwingine wa nyumba yao anasoma wapi, na mwiteni mzazi mapema, si siku ya mwisho. Mwelezeni kwamba alama za watoto wawili hazilingani, na kwamba kaka mwenye alama za juu akichagua shule ya mbali sana, huenda amemchagulia na mdogo wake asiyekuwepo chumbani. Na mtoto wa kutwa asidharauliwe: shule ya kutwa iliyo karibu na nyumba ndiyo pekee inayoweza kuwapokea ndugu wote bila kura.

Nanyi wanafunzi, hasa mliotangulia: mdogo wako aliyebaki na mbuzi hakubaki kwa kuwa hana akili. Alibaki kwa kuwa nyumba ilihitaji mtu, na kijiti kikamwangukia. Likizo ijayo mpelekee kitabu, mfundishe herufi, na umwambie mwalimu wako kwamba yupo. Mwalimu hawezi kumwekea nafasi mtoto ambaye hajawahi kumsikia.

Mwishowe, ni kweli kwamba upungufu ndio mzazi wa kura zote. Zingekuwapo shule za kutosha zenye walimu wa kutosha kutoka Masalani hadi Mandera, makala haya yasingekuwa na haja ya kuandikwa. Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, nayo haisemi kitu juu ya bahati. Madarasa na mabweni hayo yadaiwe kwa wabunge na kwa magavana, tena kwa sauti. Lakini yatachukua miaka kujengwa, na Januari haingoji. Kwa sasa tunaweza angalau kuhakikisha kwamba mzazi anayesimama mbele ya lango la shule anajua yeye ni wa ngapi, na kwamba anayeandika jina la mwanawe ameuliza nani mwingine yuko nyumbani.